Jiwe la Msingi la Tovuti ya Bi Siwema

Ipo nchi iitwayo Pongezi. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa sababu ramani yake bado haijazinduliwa. Imechorwa, imepakwa rangi, imetiwa kwenye fremu, na sasa iko ukutani na kitambaa chake usoni, inamsubiri mheshimiwa fulani apate nafasi ya kuja kukivuta. Wapongezi hawalalamiki. Njia za kwenda makwao wanazijua.

Utaratibu wa nchi hii ni mzuri sana, na mataifa mengine yangeuiga kama yangekuwa na adabu. Hakuna kitu kinachoanza kabla hajaja mgeni rasmi. Bomba la maji la mji wa Mlingoti limezinduliwa mara kumi na moja, kwa ngoma na hotuba, na watu wote wanakubaliana kwamba uzinduzi wa saba ndio uliofana kuliko yote. Maji hayajatoka, lakini hayo ni mambo ya wizara nyingine. Wodi mpya ya wazazi nayo ilikaa mwaka mzima na utepe wake mlangoni. Watoto watatu walizaliwa uani, hatua chache tu kutoka kwenye utepe, na mmoja wao akaitwa Utepe. Sasa anasoma darasa la pili na hesabu anaziweza.

Mambo yote haya yako chini ya Wizara ya Uzinduzi, ambayo yenyewe imekuwa ikifanya kazi chini ya turubai kwa miaka tisa, kwa kuwa jengo lake halijafunguliwa.

*

Katika mji huo wa Mlingoti aliishi Bi Siwema, mwanamke wa miaka hamsini na kidogo. Kama raia alikuwa na kasoro moja tu: hakujua kusubiri. Akiinjika maharage, kila mara alikuwa anafunua sufuria. Akitandika kitanda, alirudi kukitandika upya kabla shuka halijapoa joto la mikono yake. Alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba sita, aliyoachiwa na mama yake, na ndani ya vyumba hivyo sita alitembea kutwa nzima kama aliyepoteza ufunguo.

Siku hizo alikuwa na sababu ya kuhangaika. Barabara kuu ilikuwa imehamishiwa upande wa pili wa kilima, na mabasi yakahamia huko pamoja na abiria wake. Na sheria ya Pongezi inasema hivi: nyumba ya wageni ikikaa siku tisini bila kuandika mgeni kwenye kitabu chake, inahesabiwa kuwa imechoka, na Wizara inaichukua ili ipumzike. Gesti ya jirani ilishapumzishwa. Ukichungulia dirisha la chumba ambacho zamani maharusi walikuwa wakikigombea, unaona viti vyeupe vya plastiki vimepandana mpaka darini. Ni viti vya kukalia wananchi kwenye uzinduzi.

Bi Siwema alikuwa akivitazama viti vile kila asubuhi. Alifikiria chumba alichofia mama yake kikijazwa viti, akaondoka dirishani haraka.

Siku ya arobaini na moja bila mgeni, alimwita Mashavu, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba.

"Wifi, nimepata dawa. Tunatengeneza tovuti."

"Toka lini sisi tukawa watu wa tovuti?" Mashavu hakuinua macho kwenye ungo wake wa mchele. "Si ndiyo zile za hoteli zenye bwawa la kuogelea?"

"Kwani aliyesema lazima uwe na bwawa nani? Mtu anataka kujua akija analala wapi na anakula nini. Nitamwambia."

"Utamwambia na yule chura wa bafuni?"

"Na chura nitamwambia."

Alijifunza mwenyewe kwa simu, huku akikoroga mboga kwa mkono mwingine. Kwa kuwa mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, ndipo alipoketi, nusu ndani nusu nje. Siku ya hamsini tovuti ilikuwa tayari: picha sita za vyumba, namba ya simu, na blogu. Na kwa kuwa hakujua kwamba tovuti huandikwa uongo, aliandika aliyoyaona.

"Chumba cha nne kina dirisha linalotazama kilima," aliandika. "Chandarua chake kina viraka vitatu, nimevishona mwenyewe na mbu hawajagundua njia. Maji ya moto ni ya ndoo, ila yanakuja ukiyaita. Bafuni anaishi chura. Tulimtoa mara mbili akarudi, sasa tumemzoea. Jogoo wa jirani anawika saa kumi kamili za alfajiri na hakuna wa kumshtakia."

Alikuwa anaamka na jambo jipya kila siku. Aliandika juu ya uji wa Mashavu, juu ya mto mgumu wa chumba cha pili, juu ya mgeni wake wa mwisho, muuza vitana aliyesahau kitana kimoja. Watu wa mbali wakaanza kusoma. Walianza kumi, wakawa mia, na wengine wakawa wanamuulizia chura hali yake.

Siku ya sitini na nane ukaingia ujumbe. Mwalimu mstaafu Kalokola, wa nchi jirani, alisema yeye na mkewe, Bi Eshe, wamechoka na hoteli zinazosema zina kila kitu. Walitaka chumba cha nne. Wangefika siku ambayo Bi Siwema, baada ya kuihesabu kwa vidole na kisha kwa punje za maharage, aliiona kuwa ni ya themanini na saba.

"Tumepona, wifi!" alipiga kelele, na akaenda kukitandika chumba cha nne mara nne.

*

Siku ya sabini alikuja Bwana Shemahonge, Afisa Uzinduzi wa Wilaya. Alikuwa mtu mpole, mwenye mkasi mfukoni muda wote kwa ajili ya dharura.

"Bi Siwema," alisema akiwa amesimama wima, maana alikuwa anasema kiserikali, "Wizara imepokea kwa masikitiko makubwa taarifa kwamba katika nyumba hii kuna kitu kimefunguliwa pasipo kufunguliwa."

"Kitu gani tena, mheshimiwa?"

"Tovuti."

"Hiyo tu? Hayo ni maandishi yangu, baba, na vipicha vya vyumba."

"Wananchi wanaitazama?"

"Wawili watatu."

"Chochote kinachotazamwa na wananchi ni mradi. Mradi una jiwe la msingi, jiwe lina mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana ratiba. Wewe, mama, umeanzia mwishoni." Akatoa daftari. "Tovuti yenyewe iko wapi?"

"Iko hewani."

Bwana Shemahonge alitazama juu kwa muda, akaandika. "Upande upi wa hewa?"

"Jamani! Mimi naandikia pale kizingitini, ndipo mtandao unaposhika."

"Hapo sasa tunaelewana," akasema, na akakipima kizingiti kwa hatua.

Kabla ya kuondoka aliifunga tovuti kwa mujibu wa sheria. Aliichukua simu ya Bi Siwema, akaifunika kwa kitambaa cha buluu, akaifunga kwa utepe, akapiga muhuri juu ya fundo. Tangu hapo tovuti ikawa imefungwa kabisa nchini Pongezi. Watu wa nchi nyingine waliendelea kuisoma, lakini hao ndio wale niliosema hawana adabu.

Siku ya sabini na sita mafundi wakaleta jiwe. Lilikuwa la zege, kimo cha kifua cha mtu mzima, na lina kibao cha marumaru kilichofunikwa kwa kipazia. Kwa kuwa tovuti ilikuwa kizingitini, walilijenga kizingitini, katikati ya mlango wa mbele, likajaa pande zote mbili. Kazi ilikuwa safi, hata kidole hakikupita.

"Sasa wageni wangu wataingilia wapi?" aliuliza Bi Siwema. Sauti ilikuwa imeanza kumpanda.

"Jiwe lisilofunuliwa halipitwi, mama. Likishafunuliwa tutaona namna."

"Mgeni rasmi anakuja lini?"

"Ratiba yake imebana."

"Na siku zangu tisini? Si msimamishe kuhesabu basi!"

"Siku ni za idara nyingine," akasema Bwana Shemahonge kwa huzuni ya kweli. Idara hiyo nyingine ilikuwa ni yeye mwenyewe, kila Alhamisi.

Bi Siwema alizunguka nyumba yake kwa nje mara saba siku ile. Alilisukuma jiwe kwa bega. Alirudi ndani akajaribu kulisukuma kwa upande wa pili, kana kwamba upande huo jiwe lingekuwa na huruma. Mashavu alimtazama mpaka akachoka.

"Wifi, kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

"Nikae wapi? Kila ninapokaa naviona viti vya plastiki."

*

Siku ya themanini na saba, saa nane mchana, Mwalimu Kalokola na Bi Eshe waliteremka kilima kwa miguu, na sanduku moja wamelishika huku na huku. Mwalimu alikuwa mrefu, mkewe mfupi, kwa hiyo sanduku lilikuja limeinama. Walisimama mbele ya jiwe. Pembeni yake alikuwa amekaa Bwana Shemahonge, analilinda.

"Hili kwenye blogu halikuwemo," alisema Mwalimu.

"Ni la juzi, Mwalimu. Karibuni, karibuni sana," Bi Siwema aliita akitokea kona ya nyumba, kanga imemponyoka begani. "Shikamooni. Njooni huku nyuma, mtapitia jikoni."

Wakapita jikoni, wakapiga hodi, Mashavu akawaitikia karibu, wakapewa maji ya kunywa. Bi Siwema alikimbilia kitabu cha wageni. Alipokifungua tu, Bwana Shemahonge akakohoa dirishani.

"Samahani, mama. Hao huwezi kuwaandika."

"Kwa nini? Si wageni hawa? Na sanduku lao hili hapa!"

"Kanuni ya kumi na nne. Mgeni huingilia mlango wa mbele. Anayeingilia jikoni ni jamaa. Wakae hata mwezi, Wizara haina neno, lakini kitabuni hawaingii."

Bi Siwema alisimama na kalamu yake hewani. Halafu akageukia mchicha uliokuwa juu ya meza, akauinamia kama anayeuchambua, na akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na alilia kwa sauti. Bi Eshe aliweka sanduku chini, akavuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kuuchambua ule mchicha kweli.

"Si wamesema sisi ni jamaa?" alisema. "Basi jamaa hakai bure."

Wakalala chumba cha nne siku tatu, wakamsalimu chura, wakasifu uji. Kitabu kilibaki na jina la muuza vitana. Usiku hapakuwa na la kusimulia. Mchana Bi Siwema alitembea, akafunua sufuria, akatembea tena.

*

Siku ya tisini, ratiba ikafunguka.

Viti vya plastiki vilitolewa gesti ya jirani tangu alfajiri. Turubai likasimamishwa, ngoma zikaja, wanafunzi wakaja, Utepe akiwa mstari wa mbele. Mgeni rasmi aliambiwa afike saa mbili, akafika saa sita, na msafara wa magari kumi na moja. Alikuwa ni Mheshimiwa Sindano, Naibu Waziri wa Uzinduzi, mtu mwenye mikono laini ambayo ilikuwa imekata utepe mwingi kuliko mkasi wowote.

Itifaki ya Pongezi iko wazi: mgeni rasmi haketi kabla hajatia sahihi kitabu. Mheshimiwa alisimama mbele ya meza yenye kitambaa na maua, akanyoosha mkono. Mezani hapakuwa na kitu. Kitabu cha Wizara, kile cha jalada jekundu, kilikuwa kwenye gari la kumi na mbili, na gari la kumi na mbili lilikuwa limekwama kwenye daraja lililozinduliwa wiki iliyopita.

Jua lilikuwa la utosi. Ngoma ikapigwa kutoka mwanzo mara ya pili. Mheshimiwa alikuwa bado amesimama, mkono umenyooka, anatabasamu, na jasho linamshuka hadi kidevuni. Wanafunzi walianza kuyumba, maana na wao hawaruhusiwi kukaa kabla yake.

Bwana Shemahonge alimvamia Bi Siwema pembeni. "Mama, nakufa! Nipe kitabu! Kitabu chochote chenye mistari!"

Bi Siwema alikimbia jikoni. Juu ya rafu palikuwa na vitabu viwili. Kimoja kilikuwa daftari la nguo za kufua. Alilishika. Akakiangalia cha pili, chenye jalada la kijani lililochakaa, akaangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu jiwe lije, miguu yake ilitulia. Akalirudisha daftari la nguo mahali pake, akachukua kile cha kijani.

Mheshimiwa Sindano alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na sifa moja iliyompandisha cheo haraka: hajawahi kuacha nafasi wazi kwenye karatasi yoyote. Akaanza kusoma vichwa vya safu kwa sauti, ili wananchi washiriki.

"Jina." Akaandika, pamoja na shahada zake. "Anatoka." Akafikiri kidogo. "Kwa wananchi." Makofi. "Anakwenda. Kwa wananchi!" Makofi na vigelegele. "Kazi. Kuwatumikia." Hapo mzee mmoja wa ngoma alianguka kwa kiu, akanyanyuliwa. "Chumba." Mheshimiwa aliinua macho. "Chumba?"

Bwana Shemahonge alifumbua mdomo, lakini Bi Siwema alimtangulia. "Cha kwanza ndicho cha heshima, Mheshimiwa."

"Basi cha kwanza. Sisi Pongezi hatushiki nafasi ya pili." Makofi. "Siku atakazokaa." Akageukia umati, akaweka mkono kifuani. "Ndugu zangu wa Mlingoti, mimi nitakuwa nanyi siku zote!" Akaandika: siku zote. Akatia sahihi, kubwa, yenye mkia uliofika ukurasa wa pili. Kisha akaketi, na mji mzima ukaketi.

Hotuba yake ilikuwa nzuri sana. Alisema ameambiwa tovuti hii ina vyumba sita, na akaagiza akirudi aikute ina sitini. Aliwataka vijana waitunze, wasichungie mbuzi ndani yake. Halafu akakata utepe uliofunga simu, akavuta kitambaa cha buluu, na wote wakainuka waione tovuti. Simu ilikuwa nyeusi tii. Ilikuwa imekaa siku ishirini bila chaji. Walipiga makofi mpaka vumbi likapanda.

Ilipofika zamu ya kufunua jiwe, msaidizi alimnong'oneza Mheshimiwa jambo kuhusu muda. Kulikuwa na kisima kinamsubiri mahali pengine. Magari kumi na moja yakageuza, na kipazia kikabaki kimefunika kibao chake.

*

Ilikuwa Alhamisi. Bwana Shemahonge alivua beji ya uzinduzi, akavaa ile ya idara nyingine, akaomba kitabu cha wageni. Alikifungua kijani kile juu ya meza ya jikoni. Alisoma mstari wa mwisho, akasoma tena, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Umeniomba kitabu, nimekupa kitabu."

"Lakini Mheshimiwa ameondoka!"

"Hapo ameandika siku zote. Mimi mwanamke wa gesti, nimwambie Naibu Waziri kuwa hakai? Mwambie wewe, baba. Andika hapo kwamba maneno yake si kweli, halafu utie sahihi yako."

Bwana Shemahonge alishika kalamu, akaiweka. Mwalimu Kalokola, kama mwalimu, alimsogezea wino. Nje vijana walikuwa wanapakia viti vya plastiki, na mmoja akauliza kwa sauti kama viingizwe humu au kulekule kwa zamani.

Afisa aliinuka. Alienda taratibu mpaka mlango wa chumba cha kwanza, akajiweka sawa kola, akapiga hodi. Akasubiri kama inavyotakiwa. Akausukuma mlango kidogo, akakitazama kitanda kilichotandikwa, akainamisha kichwa, akaufunga bila kelele. Aliporudi jikoni aligonga muhuri kitabuni na kuandika chini yake: "Mgeni yupo. Amepumzika."

Bi Siwema alikaa chini. Alikaa muda mrefu, mikono imelala mapajani, mpaka maharage yakaungua, na hakuna aliyemgombeza.

Tangu hapo Bwana Shemahonge huja kila baada ya siku tisini. Hupiga hodi chumba cha kwanza, kisha huuliza kama mgeni analo lalamiko lolote. Huambiwa bado. Jiwe liko palepale mlangoni, kuku wamelizoea, na kipazia kimepauka kwa jua. Watu wanazidi kuja kutoka mbali, wakiwa na masanduku, wakiulizia jikoni ni wapi. Na kwenye blogu, mwandishi anayekaa sasa kwenye dirisha la chumba cha nne, ambako amegundua mtandao unashika vizuri zaidi, ameweka tangazo ambalo mpaka leo halijazinduliwa na mtu:

"Vyumba vilivyo wazi ni vitano. Cha kwanza kina mgeni wa kudumu, mtu mpole, hali, hafuliwi, hana usumbufu. Mlango wa mbele una jiwe la serikali, usijisumbue nalo. Zunguka nyuma, upige hodi jikoni. Ukiingilia huko serikali haitakuhesabu kuwa mgeni, na sisi pia hatutakuhesabu hivyo."